Anayeyumba Anatudai Ukweli

Somo: 1 Samweli 1:9–18



Kuna swali ambalo washirika huniuliza pembeni baada ya ibada, wakiwa wamepunguza sauti. Je, nikishikwa na kizunguzungu ghafla nikakimbilia hospitali kabla ya kumwita mchungaji, nimekosa imani? Wengine huliuliza kwa upande wa pili: nikimwona ndugu yangu anaanza kuyumba katikati ya maombi, nimwache Bwana amalize kazi yake, ama nitafute gari?

Mimi ni shemasi. Kwa miaka mingi zamu yangu imekuwa kusimama nyuma ya wanaoombewa, mikono ikiwa wazi, ili anayeanguka asiumie. Kwa hivyo swali hili silisomi tu vitabuni. Linaniangukia mikononi, tena likiwa na uzito wa mtu mzima.

Wengi hulitafuta jibu katika mafundisho ya imani na uponyaji, na hawakosei kutafuta huko. Lakini mimi naona amri inayotugusa kwanza ni ile ya tisa, ya kutomshuhudia jirani yako uongo. Mtu akiyumba mbele yetu, kabla hatujamdai imani yeye, yeye anatudai ukweli sisi. Hebu tutafakari pamoja.

Eli alidhani amelewa

Hana alikuwa Shilo, moyo umejaa uchungu, anaomba kimya kimya. Midomo inacheza, sauti haitoki. Kuhani Eli ameketi penye mwimo wa mlango, anamtazama, kisha anamtolea hukumu: huyu mama amelewa. Usifikiri Eli alikuwa mtu mbaya. Alikuwa mzee wa kazi, yuko mahali pake pa kazi, na aliyaamini macho yake. Alichoruka ni kuuliza kabla ya kusema. Hana alipojieleza, Eli alibadilisha neno lake papo hapo akambariki. Hilo ndilo ninalompendea: hakuling'ang'ania jina alilokwisha kulitoa.

Sisi Wapentekoste tunafaa kuielewa hadithi hii kuliko watu wote. Siku ya Pentekoste yenyewe, wapita njia walisema wanafunzi wamelewa mvinyo (Matendo 2:13). Petro aliposimama kujibu, jambo la kwanza alilotaja ni saa. Ilikuwa saa tatu asubuhi tu! Yaani alianza na kitu ambacho kila mtu pale angeweza kukihakikisha mwenyewe, ndipo akaendelea kwa nabii Yoeli. Kanisa letu lilianza kwa kuitwa jina lisilo lake. Haitupendezi kuwa wepesi wa kuwabandika wengine majina.

Na mtu wa kizunguzungu hubandikwa majina mengi, nimeyasikia yote. Kwa majirani, amelewa. Kwa jamaa wa nyumbani, amerogwa. Kwa baadhi yetu ana pepo, ama ana dhambi ya siri, ama "hiyo ni vita, adui anapigana na huduma yake." Akienda duka la dawa ataambiwa ni malaria, ama taifodi, ama presha, na atauziwa vidonge hapo hapo bila kupimwa chochote. Ona basi kwamba duka la dawa na kikundi cha maombi wanaweza kukosea kosa moja. Wote wametaja jina bila kuangalia. Ndiyo maana nikisema mtu apelekwe hospitali, sisemi hivyo kwa kudhani huko kuna malaika. Ninachotetea ni kuangalia.

Yanayotokea ndani ya kichwa

Ndani kabisa ya sikio, karibu na sehemu tunayosikia nayo, kuna mifereji mitatu midogo iliyopinda kama nusu duara, imejaa maji. Kila mmoja umeelekea upande wake. Ukigeuza kichwa, yale maji hubaki nyuma kidogo, na vinywele vidogo sana huipasha ubongo habari kwamba umegeuka. Karibu na mifereji hiyo kuna chembe ndogo za chokaa zimelala juu ya utando laini, nazo husaidia kujua chini ni wapi na juu ni wapi. Daudi alishangaa jinsi alivyoumbwa, na yeye hata hakujua habari za chembe hizi.

Sasa, kwa sababu ya umri, ama kugongwa kichwani, ama bila sababu inayoonekana, chembe zile zinaweza kung'oka zikaingia ndani ya mfereji. Mtu akigeuka kitandani, ama akiinua kichwa kuangalia rafu ya juu, chembe husukuma maji hata baada ya kichwa kutulia. Ubongo unaambiwa: tunazunguka! Chumba kinazunguka, macho yanachezacheza, tumbo linapinduka. Kwa kawaida hali hiyo haimalizi dakika moja. Inatulia, na inarudi akigeuka tena. Hii ndiyo sababu inayopatikana zaidi ya kizunguzungu cha kuzunguka.

Iko nyingine, ya neva ya usawa kuvimba, ambapo mtu huzungukwa mfululizo kwa siku kadhaa. Iko ya maji ya sikio kuzidi, ambayo humshika mtu kwa saa nyingi huku sikio likivuma na kuziba. Hii ya mwisho ilipewa jina la daktari Mfaransa, Prosper Ménière. Kabla yake, madaktari walikuwa wakisema mashambulizi kama hayo ni damu kujaa ubongoni, na wakiwatoa wagonjwa damu kama matibabu. Mwaka 1861 kule Paris, Ménière, aliyekuwa daktari wa shule ya viziwi, alieleza kwamba chanzo kiko sikioni. Kwa hiyo hata wenye makoti meupe wamewahi kutoa jina lisilo lake na kuwaumiza watu kwalo. Kilichowaokoa ni mtu aliyeangalia vizuri.

Lakini kuna ndugu mwingine wa kizunguzungu ambaye hana subira. Mshipa wa damu unaolisha sehemu ya nyuma ya ubongo, ile inayoongoza mwendo, unaweza kuziba ama kupasuka. Hiki ni kiharusi. Wengi wetu tumefundishwa kutambua kiharusi kwa uso kupinda na mkono kulegea, na ni vizuri. Ila kiharusi cha sehemu ya nyuma kinaweza kuja uso ukiwa sawa na mikono ikiwa na nguvu, dalili inayopiga kelele ikiwa kizunguzungu tu na kushindwa kutembea. Kama ni damu iliyoganda, kuna dawa ya kuiyeyusha, lakini hutolewa ndani ya saa nne na nusu tangu dalili zianze, na ikitolewa mapema zaidi inasaidia zaidi. Tena lazima kwanza kichwa kipigwe picha, maana kama mshipa umepasuka, dawa hiyo hiyo itaongeza kuvuja. Kesha letu huanza saa tatu usiku na kumalizika saa kumi na moja alfajiri. Piga hesabu mwenyewe.

Bado sijataja sukari iliyoshuka, upungufu wa damu, presha inayoanguka mtu akisimama ghafla, dawa za presha zenyewe, ama kufunga siku tatu bila maji. Sijataja pia zile sindano za streptomisini na gentamisini, ambazo zimewasaidia wengi lakini zinaweza kuharibu kiungo cha usawa ndani ya sikio.

Haya yote, mpendwa, kwa mtu aliyesimama nyuma kama mimi yanafanana. Mwili unayumba, magoti yanalegea, unanilalia mikononi. Mikono yangu haiwezi kunieleza kama huyu ameguswa na Roho, ama ni chembe za chokaa, ama mshipa umeziba. Nikisema najua, nasema uongo.

Ushuhuda uliotangulia uponyaji

Kuna dada mmoja wa kwaya aliyeniruhusu nisimulie habari zake bila jina. Asubuhi moja aligeuka kitandani kuzima kengele ya simu, na nyumba nzima ikazunguka. Jumapili alikuja mbele kuombewa. Alipoinua uso juu, kizunguzungu kikamshika, akashikwa na wahudumu, na kabla dakika haijaisha kikatulia. Mtu mmoja akapaza sauti, amepona! Akapewa maikrofoni, akashuhudia, tukapiga makofi.

Jumanne kikarudi. Hakumwambia mtu. Angesema nini, na alikuwa ameshashuhudia mbele ya kanisa zima? Akisema kimerudi, ataonekana amemfanya Mungu mwongo, ama ataambiwa ameupoteza uponyaji wake kwa mashaka. Kwa majuma sita alilala ameketi, ameegemea mito. Aliacha kupanda boda boda. Aliacha mazoezi ya kwaya, akatoa udhuru wa kazi. Mwisho wifi yake akamshika mkono wakaenda kwa daktari wa masikio, pua na koo. Daktari alimlaza chali kwa haraka, kichwa kimegeuzwa upande mmoja, akaangalia macho yake yanavyocheza. Kisha akamgeuza kichwa hatua kwa hatua, kila hatua akingoja kidogo. Njia hiyo ilitangazwa mwaka 1992 na daktari wa Marekani aitwaye John Epley, ambaye wenzake walikuwa wamemdharau kwa miaka. Haina kisu wala vidonge, na huchukua dakika chache. Nia yake ni kuzirudisha chembe mahali pake. Dada alirudi mara ya pili, na kizunguzungu kikaisha.

Nilipoongea naye aliniambia neno ambalo nimelibeba tangu siku hiyo: "Shemasi, kizunguzungu hakikunichosha kama kukificha."

Fikiria jambo hili. Ugonjwa wake ni wa aina inayotulia ndani ya dakika moja, iwe umeombewa ama hujaombewa. Hata wote wakimya, ungetulia. Tena kwa wengi, baada ya majuma kadhaa, huisha wenyewe kabisa. Kwa hivyo kutulia kwake siku ile hakukuwa ushahidi wa jambo lolote. Sisemi Mungu hakufanya kitu. Nasema hatukujua, na tulitangaza kana kwamba tunajua. Bei ya tangazo hilo hakuilipa aliyepaza sauti. Aliilipa dada, usiku kwa usiku, akiwa ameegemea mito.

Yesu alifanyaje? Wale wakoma kumi wa Luka 17 aliwatuma wakajionyeshe kwa makuhani. Kuhani wa siku hizo alikuwa na kazi maalum katika sheria ya Musa (Walawi 13 na 14): aangalie ngozi, kama hana hakika amtenge mtu siku saba, aangalie tena. Bwana wetu hakuukwepa ukaguzi huo. Aliwaelekeza kwake. Uponyaji wa Kristo hauogopi kuangaliwa na mtu mwenye kazi ya kuangalia, na ushuhuda unaokuja baada ya ukaguzi hauwezi kumfunga mtu mdomo.

Hoja za upande wa pili

Najua kuna msomaji ambaye tayari ametafuta habari za mfalme Asa. Katika 2 Nyakati 16:12 Asa aliugua miguu vibaya, na akalaumiwa kwa sababu hata katika ugonjwa wake hakumtafuta Bwana, aliwatafuta waganga. Basi soma sura nzima. Kabla ya miguu kuuma, Asa alikuwa ameshatoa fedha ya hekalu kumnunua mfalme wa Shamu amsaidie, na nabii aliyemwonya akamtia gerezani. Huyu alikuwa mtu aliyemfungia Mungu mlango miaka kabla ya kumfungulia daktari. Mlinganishe na Hezekia. Yeye alipewa ahadi ya uponyaji na Mungu mwenyewe kupitia Isaya, na Isaya huyo huyo akaagiza tini zilizopondwa zibandikwe juu ya jipu (2 Wafalme 20:7). Ahadi na dawa zilikuwa chumba kimoja, na hakuna iliyomwonea mwenzake wivu.

Mwingine atanikumbusha yule mama wa Marko 5, aliyetumia mali yake yote kwa waganga na hali ikazidi kuwa mbaya. Hapo sina ubishi. Biblia haiwapambi madaktari, na katika kanisa letu wako waliouza ng'ombe wakarudi nyumbani wagonjwa zaidi. Anayekwenda hospitali asiende akidhani amekwenda kwa mungu mwingine. Atakutana na binadamu, wengine wajuzi, wengine wamechoka, na akiona hajasikilizwa aombe apelekwe kwa mwingine. Lakini pia usikose kuona kwamba Yesu hakumkemea yule mama kwa kuwa amewahi kwenda kwa waganga. Alimwita binti.

Na tusidhani fundisho la kukataa dawa limekuwepo tangu mitume. Mmoja wa walioliimarisha zaidi ni John Alexander Dowie, mhubiri wa Chicago aliyejenga mji wa Zion katika jimbo la Illinois mwanzoni mwa karne ya 20. Alihubiri kwa ukali dhidi ya madaktari na madawa, na mvuto wake ulivuka bahari hadi makanisa ya Afrika Kusini. Mwaka 1905 yeye mwenyewe alipigwa na kiharusi, na mwaka 1907 akafariki. Silisemi hilo kwa kumcheka, kiharusi hakichagui. Nasema tu kwamba mwili wake haukusoma mahubiri yake.

Anayeshauri kuruka

Sasa tufike penye uzito. Katika Luka 4 shetani alimpandisha Yesu juu ya kinara cha hekalu, akamwambia ajitupe chini, akamtajia na zaburi ya malaika kumchukua mikononi. Yesu aliiamini zaburi ile. Hata hivyo hakuruka. Andiko halielezi alishukaje, ninalojua ni kwamba alikataa kumjaribu Mungu wake. Imani yake haikupungua kwa kutojitupa.

Kuna jambo hapo ambalo nilikuwa nikilipita kila mara nikisoma. Hebu tazama ni nani aliye hatarini juu ya kinara. Anayetoa ushauri wa kuruka haruki yeye. Andiko ni lake, maneno matamu ni yake, lakini mwili utakaogonga chini ni wa mwingine.

Hapo ndipo ninapoiona tofauti kubwa ya kimaadili. Mtu akisema, mimi nitamngoja Bwana, anauweka rehani mwili wake. Mtu akimwambia mwenzake, "usiende hospitali, utaharibu imani yako," ama "acha hizo dawa za presha, umeshapona," anauweka rehani mwili usio wake kwa ajili ya fundisho lake. Mambo hayo mawili hayafanani hata kidogo, na hayo ya pili hatuna ruhusa nayo, hata tukiwa tumefunga siku arobaini.

Basi mtu mzima mwenye akili timamu, akielezwa ukweli wote, akisema hataki kwenda, nitafanya nini? Nitamheshimu. Nitaomba naye kwa moyo wote, na kesho asubuhi nitamuuliza tena. Lakini mtoto mdogo hajachagua lolote, wazazi wake ndio wanaochagua, na watajibu. Vile vile mtu ambaye ulimi umekuwa mzito na akili imechanganyikiwa hawezi kuchagua saa ile. Huyo anapelekwa kwanza, maswali yafuate.

Na je, kuondoka katikati ya maombi si kumzimisha Roho? Yule Msamaria wa Luka 10 alikuwa safarini na shughuli zake. Alisimama, akafunga majeraha, akamwaga mafuta na divai, akampandisha mtu juu ya mnyama wake, akalipa dinari mbili kwa mwenye nyumba ya wageni. Waliopita kando walikuwa kuhani na Mlawi. Sidhani Roho Mtakatifu huachwa kanisani gari likiondoka. Maombi yanaingia garini pamoja na mgonjwa.

Habari ya pesa

Wengine hawaendi hospitali si kwa imani, ni kwa mfuko. Tuseme ukweli hapo pia. Mara nyingi "namngojea Bwana" ni sauti ya mtu anayeona haya kusema hana nauli. Kanisani kwetu harusi ina kamati, mazishi yana kamati, na mtu akishalazwa mochari michango huingia kwa simu kabla jua halijatua. Picha ya kichwa haina kamati. Tunachangia jeneza la mtu ambaye tungemchangia kipimo.

Naomba kila kikundi cha nyumbani kiweke kitu kidogo kila mwezi kwa ajili ya nauli na vipimo vya dharura. Naomba pia kila familia ihakikishe imejiandikisha na SHA, iliyochukua nafasi ya NHIF Oktoba 2024, na michango yao iko sawa kabla ugonjwa haujabisha hodi. Kujiandaa hivyo ni utunzaji mwema, na mtunzaji mwema hajawahi kuitwa asiyeamini.

Tufanye nini mtu akiyumba

Kwanza, mketishe ama mlaze kwa ubavu mahali salama, mbali na ngazi na nyaya za vyombo. Usimsimamishe kwa nguvu ati amalize maombi.

Pili, tazama saa na uiandike. Daktari atauliza dalili zilianza lini, na jibu la "usiku usiku hivi" halimsaidii.

Tatu, muulize kama Eli angefaa kuuliza. Je, unaona vitu vikizunguka, ama unahisi kuzimia? Kilianza ulipogeuza kichwa? Masikio yote yanasikia? Una sukari ama presha? Unatumia dawa gani? Umefunga tangu lini?

Nne, gari litafutwe saa hiyo hiyo ukiona moja kati ya haya: ulimi mzito, uso kupinda, kuona vitu viwili viwili, mkono ama mguu kufa ganzi, kushindwa kumeza, maumivu makali ya kichwa yaliyoanza ghafla, kupoteza fahamu, ama kushindwa kabisa kusimama na kutembea. Sikio moja likiacha kusikia ghafla, hilo nalo si la kungoja juma lijalo. Uliza ni hospitali gani iliyo karibu yenye mashine ya kupiga picha ya kichwa, na uende huko moja kwa moja ikiwezekana.

Tano, usimnyweshe kitu. Wala maji ya maombi, wala mafuta. Mtu wa kiharusi anaweza kushindwa kumeza, na maji yakaingia kwenye mapafu. Yakobo 5:14 inazungumza juu ya kumpaka mafuta. Basi mpake kwenye paji la uso, inatosha. Usimpe aspirini wala dawa ya jirani kabla hajapigwa picha. Ila kama ni mtu wa sukari aliyekuwa amefunga, yuko macho, anaongea vizuri na anameza bila shida, mpe kinywaji chenye sukari na bado umpeleke akapimwe.

Sita, kama kizunguzungu chako huja ukigeuka tu na kutulia upesi, na huna dalili nilizotaja, huna haja ya kukimbia usiku. Lakini nenda juma hili. Usipande ngazi ya kupaka rangi, usiendeshe pikipiki, na usijigeuzegeuze kichwa nyumbani kabla ya mjuzi kuthibitisha kwamba ndicho hicho.

Saba, akirudi, msimwahishe kwenye maikrofoni. Mpeni nafasi ya kusema "bado" bila kuona haya. Kanisa ambalo mtu anaweza kusema "bado" ndani yake ni mahali salama pa kuugua, na ni mahali pazuri pa kupona.

Tuombe. Ee Bwana, wewe uliyeyajua masikio yetu kabla hatujasikia neno lolote, tuepushe na ulimi unaotangulia macho. Wape wagonjwa wetu wanaoyumba mikono ya kuwashika, watu wa kuwauliza, na waganga wa kuangalia vizuri. Na sisi tunaosimama nyuma yao, tupe ujasiri wa kusema "sijui, twende tukaangalie," na imani ya kuomba njia nzima. Katika jina la Yesu, Amina.